90 kwa mia ya nini? Mubirizi, antioksidanti na karatasi niliyoandika mimi mwenyewe



Leo nazungumzia jani ambalo wengi wetu tulilinywa tukiwa watoto, mama ametushika pua kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono mwingine: mubirizi. Lakini nitaanza na kosa langu, juu bila lile kosa nisingeandika haya.

Nilipokuwa namaliza lisansi ya agronomia, tulikuwa kikundi cha watu wanne tunatafuta namna ya kupata pesa kidogo. Munajua mambo yetu: diploma iko, kazi haiko. Tukakausha majani ya mubirizi, tukayasaga, tukaweka unga mu sashe. Kwa kuwa kazi yangu ya mwisho niliifanya mu labo juu ya mimea ya dawa, wenzangu waliniambia: "Weye njo unajua mambo ya labo, andika kitu ya kubandika ku sashe." Nikaandika mistari mitatu. Mstari wa katikati ulisema: "Nguvu ya antioksidanti: 90 kwa mia."

Ile namba haikuwa ya uongo. Tuliipata kweli, kwa mashine, na mikono yangu mwenyewe. Karatasi ikapigwa picha, picha ikazunguka ku WhatsApp. Wiki kadhaa zikapita. Usiku mmoja mama wa mwenzetu, mwenye ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, akapelekwa hospitali akiwa hajitambui vizuri. Sukari ilikuwa imepanda sana, na ku mguu alikuwa na kidonda ambacho hakutaka mtu akione. Nilipoenda kumtembelea, aliniambia pole pole, bila hasira:

"Mutoto yangu, nilisoma 90 kwa mia. Nikajisemea, kama mubirizi iko na 90, hii vidonge itanisaidia nini tena? Nikaziacha."

Alitoka hospitali akiwa mzima. Lakini swali lake lilibaki na mimi: 90 kwa mia ya nini? Yeye alifahamu kwamba ni 90 kwa mia ya kupona. Mimi sikuandika hivyo, lakini sikuandika pia kitu chochote cha kumzuia asifahamu hivyo. Basi nawaeleza sasa kile nilichopaswa kumweleza yeye.

Kwanza, mubirizi ni mmea gani

Mu vitabu vya botania unaitwa Vernonia amygdalina. Siku hizi wataalamu wengi wameuhamisha, wanauita Gymnanthemum amygdalinum, kwa hiyo ukikuta majina mawili usifikiri ni mimea miwili. Ni wa familia ya Asteraceae, familia moja na alizeti na artemisia. Sisi wa Bukavu na vijiji vya Bushi tunasema mubirizi. Warwanda na Warundi wanasema umubirizi, Waganda omululuza, Wayoruba wa Nigeria ewuro, Waigbo onugbu. Kule Kameruni majani yake yanapikwa na karanga, chakula kinaitwa ndolé, na watu wanakula kwenye sherehe. Kila mahali sifa yake ya kwanza ni moja: uchungu.

Kwa mkulima ni mmea mwepesi. Unakata kipande cha shina, unakichomeka ku udongo wenye unyevu, kinashika. Unakuwa kichaka au mti mdogo wa mita kama 2 mpaka 5. Ukiukata, unachipuka tena. Ndiyo maana wazee wameupanda kama ua wa parcelle: unalinda kiwanja, na dawa iko mlangoni. Wadudu hawaushambulii sana. Jambo hilo mulikumbuke, juu linatuambia kitu kuhusu kemia yake.

Ndani ya jani kuna nini

Tukisema "dawa ya mubirizi" tunasema kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini jani ni kama gunia la mchanganyiko. Mimi nayagawanya yaliyomo makundi manne.

Kundi la kwanza ni laktoni za seskwiterpeni. Hapo ndipo tunakuta vernodalini na vernolidi. Ni chungu sana, na zina sumu kwa wadudu, kwa vimelea, na zikizidi, hata kwa seli za mnyama. Mmea hauwezi kukimbia adui, basi unajilinda kwa kemia. Mimea mingi ya familia hii inafanya hivyo.

Kundi la pili ni steroidi zilizofungwa na sukari, zinazoitwa vernoniosidi, pamoja na saponini. Wamama wanaoosha majani ya mubirizi kwa kuyasugua mu maji wanaona povu linapanda kama la sabuni. Saponini ndizo zinatoa povu. Baadhi ya vernoniosidi nazo ni chungu.

Kundi la tatu ni flavonoidi na jamaa zake, yaani kemikali za aina ya fenoli. Hapa ndipo antioksidanti tunazozungumzia zinapokaa. Mwaka 1994 watafiti wa Nigeria na wa Poland walichapisha kazi juu ya flavonoidi za jani hili. Walitenga tatu: luteolini yenyewe, na ndugu zake wawili ambao ni luteolini iliyobeba sukari (glukozi) na luteolini iliyobeba asidi ya glukuroniki. Walipozipima, luteolini isiyobeba mzigo ilikuwa na nguvu ya antioksidanti kuliko wale ndugu wawili. Na tujue kwamba luteolini si mali ya mubirizi peke yake. Iko hata mu seleri tunayotia ku mchuzi.

Kundi la nne ni vile vya kawaida vya majani ya kijani: karoteni, vitamini C wakati jani ni bichi, protini, madini, nyuzinyuzi, klorofili.

Uchungu ni kitu kimoja, antioksidanti ni kitu kingine

Watu wengi, hata wasomi, wanafikiri kwamba dawa ikiwa chungu zaidi ndiyo ina nguvu zaidi, halafu wanaunganisha ule uchungu na neno antioksidanti. Mu mubirizi si hivyo. Uchungu unatoka zaidi kwa makundi ya kwanza na ya pili. Antioksidanti ziko zaidi mu kundi la tatu. Unaweza kuosha jani mpaka uchungu upungue, na bado ukabaki na sehemu ya flavonoidi. Unaweza pia kuwa na maji machungu sana yenye flavonoidi kidogo. Ulimi hauwezi kukupimia antioksidanti.

Aliyetufundisha kwamba sehemu za mmea huu hazilingani ni sokwe. Hadithi hii ni ya karibu na sisi, ni ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, ku milima ya Mahale. Ukisimama Kalemie ukatazama mashariki, kule mbele ndiko. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa anafuata sokwe pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa kabila la Watongwe aliyejua msitu na dawa zake. Walimwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, analala ovyo, hataki kula vizuri. Akaenda ku mti wa mubirizi, ambao Watongwe wanauita mjonso. Akavunja tawi changa, akabandua maganda na majani, akatafuna ule moyo laini wa ndani, akafyonza maji yake machungu na kutema nyuzi. Kesho yake alikuwa amerudia nguvu. Kalunde akamweleza Huffman kwamba kwao huo ni mti wa dawa ya tumbo na homa. Mwaka 1989 kazi yao ikachapishwa na majina yao wawili. Kwa sokwe mwingine waliyemfuatilia baadaye, mayai ya minyoo mu choo chake yalishuka kutoka 130 mpaka 15 kwa gramu moja ndani ya masaa 20 hivi.

Kisha wataalamu wa kemia wa Japani wakachukua mmea ule ku labo. Wakakuta kwamba vernodalini, ile yenye sumu kali, imejaa mu majani na mu maganda, lakini mu ule moyo wa tawi iko kidogo sana. Vernoniosidi B1, ambayo inasumbua vimelea, wakaikuta mu moyo pia. Maana yake ni kwamba sokwe alitupa sehemu yenye sumu nyingi na kunyonya ile ya kumsaidia. Hakusema tu "mubirizi ni dawa". Alichagua sehemu gani, kiasi gani, na kwa ugonjwa gani. Sisi wenye diploma tuliandika "90 kwa mia" ku sashe, bila sehemu, bila kiasi, bila ugonjwa.

Na mutazame vizuri: ile dawa ya sokwe ilikuwa ya minyoo. Hakuna aliyesema Chausiku alipona kwa sababu ya antioksidanti.

Antioksidanti ni nini hasa

Kata avoka uiache ku meza. Baada ya muda inageuka rangi ya kahawia. Mafuta ya mawese ukiyaweka wazi ku jua muda mrefu, yanaanza kunuka vibaya. Panga likibaki nje linapata kutu. Yote matatu ni oksijeni inafanya kazi yake: inanyang'anya elektroni kutoka kwa vitu vingine. Ndiyo tunaita kuoksidisha.

Mu mwili wetu pia inatokea. Seli zinapochoma chakula ili kupata nguvu, molekuli chache zinatoka zikiwa na elektroni moja isiyo na mwenzake. Tunaziita radikali huru. Molekuli ya namna hiyo haitulii. Inanyang'anya elektroni kwa jirani, jirani naye anakosa, ananyang'anya kwa mwingine, na mnyororo unaendelea. Mafuta ya ukuta wa seli yanaharibika, protini zinaharibika, hata DNA inaguswa. Antioksidanti ni molekuli inayoweza kutoa elektroni au hidrojeni yake bila yenyewe kuwa mwizi mpya. Inakata mnyororo. Luteolini inaweza kazi hiyo kwa sababu ina vikundi viwili vya OH vinavyokaa jirani ku pete moja. Ikitoa hidrojeni, inabaki imetulia.

Mpaka hapo yote ni kweli, na hata wauzaji wanayasema. Kile wasichosema ni mambo mawili. La kwanza, mwili wenyewe unatengeneza walinzi wake: enzimi kama katalazi, na molekuli kama glutathioni. Haukai tu kungojea chai ya majani. La pili, radikali huru si maadui tu. Seli nyeupe za damu zinazitengeneza makusudi ili kuua vijidudu. Kwa hiyo kusema "tuzimalize zote" si lengo la afya.

90 kwa mia ilitoka wapi

Sasa tuingie mu labo. Tulichukua unga wa majani makavu, tukauloweka mu metanoli. Nasema metanoli, si maji. Metanoli inatoa flavonoidi vizuri, lakini ni sumu, hakuna mtu anaikunywa. Tukachuja, tukakausha, tukabaki na kitu kizito cha kijani kibichi: dondoo.

Kipimo tulichotumia kinaitwa DPPH. Ni kipimo cha bei nafuu, ndiyo maana kiko mu kazi nyingi za mwisho za wanafunzi. DPPH ni radikali huru iliyotengenezwa na watu, yenye tabia ya pekee: inatulia mu chupa, na ina rangi ya zambarau iliyokolea. Mwaka 1958 Marsden Blois alionyesha namna ya kuitumia kupima antioksidanti, na mpaka leo tunafuata njia hiyo. Unatia dondoo lako mu ile zambarau. Antioksidanti inaipa hidrojeni, na rangi inaanza kufifia mpaka manjano. Unangojea mu giza, kwa kawaida dakika 30, kisha mashine inapima mwanga wa nanomita 517 unavyonyonywa. Kama rangi imepungua nusu, unaandika 50 kwa mia. Kama imebaki kidogo sana, unaandika 90.

Basi jibu la mama ni hili: ilikuwa 90 kwa mia ya rangi. Rangi ya zambarau, mu kachupa kadogo, ilipungua 90 kwa mia. Haikuwa sukari ya damu, wala kidonda, wala kupona.

Na kuna zaidi. Ile 90 tuliipata ku dozi ya juu kabisa tuliyojaribu. Ku dozi ya chini namba ilikuwa ndogo. Ukiongeza dondoo, hata la mmea dhaifu, rangi itaishia kufifia. Kwa hiyo namba ya asilimia bila kusema kiasi cha dondoo haina maana. Ndiyo maana mu ripoti nzuri wanaandika kiasi kinachohitajika ili kupunguza rangi nusu, na wanaweka pembeni vitamini C kama kipimo cha kulinganisha. Hapo namba ndogo ndiyo nzuri, juu inaonyesha kwamba dondoo kidogo linatosha. Mimi nilichukua namba kubwa na nzuri ya macho, nikaacha mengine mu daftari.

Kuna kipimo kingine mutakachokikuta, cha Folin-Ciocalteu, kinachogeuka rangi ya bluu. Kinatumika kuhesabu fenoli zote. Lakini hata vitamini C na baadhi ya sukari zinaleta ile bluu. Ukisoma "fenoli nyingi sana", uliza kama walihesabu fenoli tu, ao pamoja na wageni.

Kutoka kachupa mpaka damu ni mbali

Tuseme dondoo ni zuri kweli. Bado liko na safari. Kwanza, nyumbani mtu anatumia maji, si metanoli. Maji yanatoa vitu vingine, kwa kiasi kingine. Pili, tumbo na utumbo. Flavonoidi nyingi haziingii ku damu kirahisi, nyingine zinaliwa na bakteria wa utumbo. Tatu, ini. Molekuli ngeni ikifika, ini linaifunga na mizigo ya asidi ya glukuroniki ao salfati ili itoke mu mkojo. Kumbukeni luteolini na ndugu zake wenye mzigo: wale waliobeba walikuwa dhaifu kuliko yeye. Mwili wetu unafanya hivyo hivyo, unabebesha mzigo.

Nne, wingi. Baada ya mlo wenye flavonoidi, kiasi kinachoonekana mu damu mara nyingi hakifiki hata mikromoli 1 kwa lita. Asidi ya yuriki, ambayo mwili unaitengeneza wenyewe na ambayo nayo ni antioksidanti, iko mu damu kwa mamia ya mikromoli. Ni sawa na kumwaga kikombe cha maji mu pipa lililojaa, halafu kusema pipa limejaa kwa sababu ya kikombe changu.

Wataalamu wengine wanafikiri flavonoidi zinasaidia kwa njia nyingine kabisa, kwa kuamsha ulinzi wa seli zenyewe ao kugusa enzimi fulani. Inawezekana, na ni kazi nzuri ya utafiti. Lakini kipimo cha DPPH hakisemi lolote juu ya hilo.

Dunia imeshalipa bei ya kuruka kutoka kachupa mpaka kwa mtu. Kule Finland walichukua wanaume 29,133 wavuta sigara, wa umri wa miaka 50 mpaka 69. Wengine walipewa vidonge vya betakaroteni, antioksidanti inayojulikana, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, wengine kidonge kitupu. Waliwafuatilia miaka 5 mpaka 8. Kila mtu alitarajia saratani ya mapafu ipungue. Matokeo yalitoka mwaka 1994: kwa waliopewa betakaroteni, saratani ya mapafu iliongezeka kwa 18 kwa mia. Iliongezeka! Karoti na mboga zinabaki kuwa chakula kizuri. Lakini kile kitu kimoja, kimetengwa na kuwekwa mu kidonge kwa dozi kubwa, hakikufanya kazi iliyoonekana mu labo.

Marekani nayo, wizara yao ya kilimo ilikuwa na orodha kubwa ya vyakula na nguvu zao za antioksidanti zilizopimwa mu labo. Mwaka 2012 waliiondoa. Walieleza kwamba makampuni yalikuwa yanatumia vibaya zile namba kuuza bidhaa, na kwamba namba zile hazionyeshi kinachotokea ndani ya mwili wa mtu. Yaani kosa langu la sashe, wenye labo kubwa walikuwa wameshaliona likifanywa na wakubwa.

Na sukari je?

Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu mubirizi si maji matupu. Majaribio mengi ya panya, hasa kutoka Nigeria, yameonyesha dondoo la majani likishusha sukari ya damu. Ni jambo la kweli na linastahili utafiti. Lakini panya anapewa dozi iliyopimwa kwa kila kilo ya uzito wake, siku zilizohesabiwa. Mama yetu alikuwa anatia kijiko cha unga mu maji ya moto. Kijiko cha sashe hii na kijiko cha sashe ile havilingani: udongo si mmoja, majira si yale yale, jani changa na jani zee ni tofauti, na sisi wenyewe wiki moja tulikausha kivulini, wiki nyingine ku jua kwa sababu ya haraka.

Kuna hatari mbili, na zinaenda pande mbili tofauti. Ya kwanza ni ile iliyompata: kuacha vidonge, sukari inapanda. Ya pili ni ya yule asiyeacha vidonge lakini anaongeza mubirizi nyingi juu yake: kama vyote viwili vinashusha, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaanguka. Ndiyo maana mgonjwa wa sukari anayekunywa mubirizi anapaswa kumwambia muganga wake, na muganga naye anapaswa kuuliza bila kumcheka. Wagonjwa wengi wananyamaza kwa sababu walichekwa mara ya kwanza.

Sisi wenye elimu tufanye nini

Siwaambii tuache mubirizi. Mimi mwenyewe nimeupanda. Nawaambia tufanye kazi yetu vizuri, juu kuna kazi ya kweli hapa kwa watu wa agronomia, biolojia, famasia na hata sheria.

Kwa anayekausha: chuma majani mazima, yasiyo na ugonjwa. Usiyaponde kabla ya kukausha. Jani likipondwa, enzimi zake zinakutana na fenoli na oksijeni, na linageuka kahawia kama ile avoka. Hapo unapoteza hasa kile unachotaka kuuza. Kausha kivulini, mahali penye hewa, ku tabaka nyembamba, mpaka jani livunjike mkononi. Likibaki na unyevu, ukungu unaingia, na ukungu unaweza kuleta sumu mbaya kuliko uchungu wote wa mubirizi. Andika tarehe na shamba.

Kwa anayesoma ao kuandika kazi ya mwisho: ukikuta namba ya antioksidanti, uliza maswali matano. Ni sehemu gani ya mmea? Ilitolewa kwa maji, alkoli ao metanoli? Ni kipimo gani? Ni kiasi gani cha dondoo, na ililinganishwa na nini? Ilijaribiwa ku kachupa, ku panya ao kwa watu? Kama jibu la mwisho ni "kachupa", basi namba ile inazungumzia kachupa. Haina aibu. Ni hatua ya kwanza, na bila hatua ya kwanza hakuna ya pili. Aibu ni kuificha ile hatua na kujifanya umefika.

Kwa anayeuza: kabla ya kuandika neno moja ku sashe, fikiria yule atakayelisoma akiwa peke yake usiku, anaogopa bei ya dawa. Yeye hatasoma "nguvu ya antioksidanti". Atasoma "tumaini". Maneno yetu yana uzito kwake kuliko tunavyodhani, kwa sababu anasema: huyu ni mtoto aliyesoma.

Tulikusanya sashe zilizobaki, karibu zote. Picha ya ku WhatsApp hatukuweza kuikusanya, na bado mara moja moja naiona inarudi kwa kikundi fulani, imetumwa na mtu nisiyemjua. Kila mara ninaandika chini yake maelezo mafupi. Wengine wanashukuru, wengine wananiambia nina wivu na dawa zetu za Afrika. Naendelea tu.

Mwaka uliofuata tukaanza tena kuuza, kidogo kidogo. Karatasi mpya inasema: majani ya mubirizi, yamekaushwa kivulini, shamba fulani, tarehe fulani. Chini yake tumeongeza: "Si badala ya dawa ya muganga. Kama unakunywa vidonge vya sukari, usiviache." Tunauza kidogo kuliko zamani. Mama yule ndiye alisoma karatasi hiyo wa kwanza, kabla hatujaichapa. Aliisoma mara mbili, akanirudishia, akasema: "Hii sasa nimeisikia."

 Mwenye swali ao mwenye kunisahihisha, aandike hapa chini, tujifunze pamoja.